Sumaku kichwani: mashine hewa ilifanya nini?

Ni nadra siku hizi kupita kwenye stendi kubwa ya mabasi usikutane na tangazo la mashine inayopima au kutibu kila kitu. Mteja anashikishwa kifimbo cha chuma, kompyuta inalia kidogo, na baada ya dakika chache inatoka karatasi yenye orodha ya maradhi yake, kuanzia figo mpaka magoti. Pembeni zimepangwa bangili za sumaku za kushusha presha na soli za sumaku za kuondoa ganzi miguuni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na bidhaa hizi zinajitembeza kwelikweli, redioni na kwenye simu. Hakuna jaribio la maana lililoonyesha kwamba bangili ya sumaku inashusha presha ya mtu. Biashara inaendelea hata hivyo, kwa sababu sumaku haionekani ikifanya kazi, na kisichoonekana ni rahisi kukisifia.

Kelele hizo ndizo zinazofanya iwe vigumu kuzungumza kwa utulivu juu ya sumaku nyingine, ile ya hospitalini, inayowekwa juu ya fuvu ili kutibu sonona. Hiyo si utapeli. Imepimwa na madaktari kwa miongo kadhaa, imeruhusiwa na mamlaka zisizoruhusu ovyo, na wapo watu iliowatoa kitandani. Msimamo wangu ni kwamba kuusisimua ubongo kwa sumaku au umeme bila kupasua kichwa ni tiba halali yenye watu wake, lakini haipaswi kuingia kwetu kwa mlango wa biashara. Ianzie hospitali za kufundishia. Na yeyote anayeitoza fedha alazimike kumtajia mgonjwa namba mbili: wangapi walipata nafuu chini ya mashine ya kweli, na wangapi walipata nafuu chini ya mashine hewa, yaani ya kuigiza tu.

Chini ya fuvu

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilikabadilika karibu na waya huzaa umeme ndani ya waya huo. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dinamo ameiona kanuni hiyo gizani: gurudumu linazungusha sumaku, taa inawaka. Mwaka 1985 mjini Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha ndani yake mkondo mkali wa muda mfupi mno, na misuli ya mkono wa upande wa pili ikashtuka. Mfupa wa fuvu unaupinga umeme lakini hauipingi sumaku. Sumaku inapenya, na ikishapenya inazaa umeme mdogo unaoziamsha seli za neva zilizo karibu na uso wa ubongo. Hakuna kisu wala dawa ya usingizi. Mgonjwa anakaa kitini akiwa macho, masikio yamezibwa kwa sababu koili inapiga kelele, akihisi kama anagongwagongwa kwenye ngozi ya kichwa.

Kutoka misuli kushtuka mpaka huzuni kupungua palikuwa na safari ndefu. Watafiti walielekeza nguvu zao kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, ambayo kwa watu wengi wenye sonona huonekana kuzubaa. Walikuta kwamba mapigo yanayorudiwarudiwa, mathalani kumi kwa sekunde, yakitolewa siku tano za wiki kwa wiki nne mpaka sita, hubadilisha hali ya baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mashine ya kwanza kwa sonona. Baadaye vikafuata vibali vya kipandauso, vya ugonjwa wa kurudiarudia mawazo na matendo bila kutaka, na vya kuacha sigara. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada waliwapima watu 414 na kukuta kwamba mapigo yaliyopangwa upya, yanayochukua dakika tatu tu, hayakuzidiwa na utaratibu wa zamani wa dakika 37 na nusu. Hilo la mwisho nalihesabu kuwa kubwa kuliko mengi yanayotangazwa kwa tarumbeta, maana kiti kilichokuwa kinahudumia wagonjwa wachache kwa siku sasa kinaweza kuhudumia wengi.

Madhara ni machache. Kichwa huuma, ngozi ya kichwa huwasha, na mwenye chuma karibu na ubongo au kifaa cha umeme sikioni hapaswi kusogezwa hapo. Hatari inayoogopwa zaidi ni degedege la kifafa, na inatajwa kuwa chini ya mgonjwa mmoja kwa elfu. Lakini namba hiyo imetoka kwa watu waliochujwa kwanza, katika nchi ambako kifafa hugunduliwa mapema na kuandikwa kwenye faili. Afrika Mashariki kifafa kina vyanzo vingi zaidi: malaria inayopanda kichwani, mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, minyoo ya nguruwe inayojificha ubongoni. Mahenge, mkoani Morogoro, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni eneo linalojulikana kwa watafiti wa dunia nzima kwa wingi wa ugonjwa huo. Wengi wa wenzetu wenye kifafa hawajawahi kuambiwa na daktari kwamba wanacho, wameambiwa wamerogwa. Kliniki inayomkalisha mtu chini ya koili bila kuuliza kwa kina historia ya nyumba yake haiwezi kuiazima ile namba ya mmoja kwa elfu.

Namba mbili

Mashine hewa ni koili inayofanana na ya kweli kwa sura na mlio, ila sumaku yake haifiki ubongoni. Mgonjwa hajui ameketishwa chini ya ipi, wala anayepima maendeleo yake hajui. Bila kipimo hiki hatuwezi kutenganisha nguvu ya sumaku na nguvu ya matumaini, na sonona ni ugonjwa unaoitikia sana matumaini, tena wakati mwingine huondoka wenyewe.

Utafiti uliogharamiwa na serikali ya Marekani, si na mtengenezaji, ulitoa matokeo yake mwaka 2010. Wagonjwa walikuwa 190, wote hawakuwa kwenye dawa za sonona. Waliofikia nafuu kamili chini ya mashine ya kweli walikuwa asilimia 14. Chini ya mashine hewa, asilimia 5. Mwenye kuandika tangazo atasema tiba hii inaponya karibu mara tatu zaidi, na hatakuwa amedanganya. Mwenye kuhesabu atasema kwamba katika kila watu mia waliopitia wiki zote hizo, tisa zaidi walipona kwa sababu ya sumaku, naye hatakuwa amedanganya. Familia iliyouza kiwanja ili kumpeleka binti yao inahitaji kuisikia sentensi ya pili kabla ya kulipa. Ni kliniki ngapi zitaitamka?

Kisha kuna utafiti wa mwaka 2018 kwa wanajeshi wastaafu 164 wa Marekani, watu ambao dawa zilikuwa zimewashinda, wengi wakiwa na majeraha ya vita akilini. Asilimia 41 walipata nafuu kamili chini ya mashine ya kweli. Chini ya mashine hewa walikuwa asilimia 37. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea, na wapinzani wa tiba hii huishia hapo na kufunga kesi. Mimi naona kosa kufunga hapo, kwa sababu asilimia 37 ni habari nzito kuliko tofauti yenyewe. Hawa ni watu walioitwa sugu. Kitu gani kiliwainua? Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba kwa wiki kadhaa walikuwa na sababu ya kuamka asubuhi, mahali pa kwenda, na mtu aliyewasubiri hapo, aliyewaita kwa majina na kuwauliza kama wamelala. Nafuu yao haikuwa hewa hata kama mashine ilikuwa hewa.

Upande mwingine yapo matokeo ya kushangaza. Chuo Kikuu cha Stanford, chini ya Nolan Williams, kilibana tiba nzima ndani ya siku tano: mara kumi kwa siku, koili ikielekezwa kwa msaada wa picha za ubongo wa kila mgonjwa. Kati ya 14 waliopata mashine ya kweli, 11 walifikia nafuu kamili wakati fulani ndani ya wiki nne zilizofuata. Kati ya 15 wa mashine hewa, wawili. Mamlaka ya Marekani iliruhusu utaratibu huo mwaka 2022. Tofauti hiyo si ya kubezwa. Lakini watu 29 ni abiria wa Coaster moja, na matokeo ya abiria wa Coaster moja yanahitaji kurudiwa na wengine, mahali pengine, kabla ya kugeuzwa kuwa bei.

Kiharusi nacho kiangaliwe hivyo hivyo, maana ndiko nyumba nyingi zitakakokimbilia. Jaribio la watu 199 waliopooza mkono, lililochapishwa mwaka 2018, liliwapa wote mazoezi ya mkono, wengine wakiongezewa sumaku ya kweli na wengine ya hewa. Walio wengi wa makundi yote mawili walisogea mbele, karibu sawasawa. Zipo tafiti ndogo zinazotia moyo zaidi. Lakini kwa sasa mwenye fedha kidogo na mzee aliyepooza azipeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Wanaoitwa sugu

Tiba ya sumaku ilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao dawa hazikuwasaidia. Kwa kawaida hiyo ina maana mgonjwa amepewa dawa ya kwanza kwa dozi kamili na kwa wiki za kutosha, ikashindikana, akapewa ya pili, nayo ikashindikana. Sasa jiulize: kwetu ni wangapi waliofika hapo? Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba barani Afrika kuna wahudumu wa afya ya akili 1.4 kwa kila watu 100,000, wakati wastani wa dunia ni 9. Mgonjwa wa kawaida wa sonona huku hajashindwa na dawa mbili. Hajaambiwa kwamba alichonacho ni ugonjwa. Amepimwa malaria mara kadhaa kwa sababu ya uchovu na maumivu ya mwili, amekunywa dawa za vidonda vya tumbo, amekemewa kwa uvivu, ameombewa. Kumtoa hapo moja kwa moja mpaka chini ya koili ya maelfu ya dola ni kuruka yote yanayofanya kazi kwa bei ya chini.

Na yanayofanya kazi yapo, tena yamepimwa hapa hapa. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo kutoka vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda. Wanavijiji wenye sonona walikutana kwa makundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenzao waliopewa mafunzo mafupi, wakizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mwishoni waliobaki na vigezo vya sonona kali walikuwa asilimia 6.5, dhidi ya asilimia 54.7 katika vijiji visivyopata makundi. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwaweka akina bibi kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare kuwasikiliza wagonjwa kuanzia mwaka 2006, na jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7, dhidi ya 49.9 kwa waliopata huduma ya kawaida. Niwe mkweli: huku hakukuwa na bibi hewa. Kundi la kulinganisha lilijua halijapata tiba hiyo, kwa hiyo namba hizi haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja na zile za sumaku na kuambiwa zimeshinda. Lakini hilo halipunguzi uzito wake kwa waziri anayegawa bajeti. Wale wastaafu wa Marekani chini ya koili isiyofanya kitu na mwanakijiji wa Masaka ndani ya kundi lake wanatoa ushahidi unaofanana: mtu kufuatwa kwa karibu, kwa ratiba, na mtu mwingine, ni sehemu kubwa ya tiba.

Kaka mkubwa asiyependwa

Katika familia hii ya tiba zisizopasua kichwa kuna mkongwe ambaye hakuna anayemtangaza. Mwaka 1938, mjini Rome, Ugo Cerletti na Lucio Bini walipitisha umeme kwenye kichwa cha mgonjwa mpaka akapata degedege la makusudi. Zamani ilifanyika bila dawa ya usingizi, mifupa ikavunjika, na mahali pengine ikatumika kuwatisha wagonjwa wakaidi. Jina baya ililipata kwa haki. Lakini ikifanywa inavyostahili, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi na misuli imelegezwa, ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote kwa sonona iliyomfikisha mtu mahali pa kukataa chakula au kutaka kufa. Mapitio makubwa ya mwaka 2003 yaliikuta ikiishinda mashine hewa na kuzishinda dawa. Bei yake kwa mgonjwa ni kusahau baadhi ya mambo ya kipindi cha matibabu, na wapo ambao kusahau huko hakukuisha.

Sasa angalia mpangilio ulivyo. Sumaku ina kiti kizuri, mlio wa kisasa na picha ya ubongo wa rangi, kwa hiyo itapata mwekezaji. Umeme wa degedege una ushahidi mzito zaidi na mashine ya bei nafuu zaidi, ila unahitaji mtaalamu wa usingizi ambaye hospitali nyingi za akili hazina. Kama kuna shilingi ya kwanza ya kutumia kwenye vichwa vyetu, iajiri mtaalamu huyo.

“Mbona mnatuchelewesha?”

Pingamizi la kwanza ni lile la simu. Hatukusubiri nyaya za mezani zifike kila kijiji ndipo tupate simu za mkononi. Kwa nini tusiruke vidonge na kwenda kwenye sumaku? Hoja hii inapendeza, ila simu haikuhitaji mtu wa kuamua nani aitumie na nani asiitumie. Koili inahitaji kwanza daktari wa kutofautisha sonona ya kawaida na ile ya mtu anayebadilikabadilika kati ya huzuni na wazimu wa furaha, maana huyo wa pili anaweza kupandishwa upande wa pili. Inahitaji fundi wa kupima, kichwa kwa kichwa, nguvu inayotosha kutikisa kidole gumba ndipo dozi ipangwe. Inahitaji umeme usiokatika na mgonjwa mwenye nauli ya kila siku ya kazi kwa mwezi mzima. Mama muuza mboga wa Mbagala anayeacha genge lake asubuhi ishirini mfululizo amelipa hata kama tiba ni ya bure.

Pingamizi la pili lina meno zaidi. Vidonge vina maudhi yake: usingizi, unene, kupoa kwa hamu ya ndoa. Wengi huviacha kimyakimya, na sumaku haina hayo. Hapa nakubali. Ndiyo sababu sisemi mashine zizuiwe. Hospitali za Muhimbili, Mathari na Butabika zingefaidika kuwa nazo na kufanya majaribio yao wenyewe, zikiuliza swali ambalo Stanford haina haja ya kuliuliza: je, ule utaratibu wa dakika tatu unafaa kwa wagonjwa wetu, kwa nauli zetu, ukisimamiwa na muuguzi badala ya daktari bingwa?

La tatu linasemwa kwa sauti ya chini: kama hata mashine hewa inawasaidia watu zaidi ya thelathini katika mia, kuna ubaya gani kliniki ikiuza? Mfa maji haachi kutapatapa, na kwenye kutapatapa huko ndiko bei hupandishwa. Wastaafu wale hawakulipa kitu, walikuwa chini ya uangalizi, na mtu akizidiwa alikuwa na pa kupelekwa. Mgonjwa wa kliniki ya mtaani amelipa akiba ya ukoo. Wiki sita zikipita bila nafuu, anabeba sonona ileile, deni juu yake, na hakika mpya kwamba hata mashine ya wazungu imemshindwa. Kwa mtu mwenye mawazo ya kujiua, hakika hiyo ni hatari.

Sifongo na betri

Yote haya yatakuwa na uharaka zaidi pale kifaa kidogo kitakapofika, kwa sababu hicho hakihitaji kliniki. Ni sifongo mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, waya, na mkondo wa miliampia moja au mbili unaopita kichwani kwa nusu saa. Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha mwaka 2000 kwamba mkondo hafifu namna hiyo unaweza kubadilisha wepesi wa ubongo kuitikia. Tangu hapo mizani inapanda na kushuka. Brazili, mwaka 2017, utafiti wa watu 245 haukuweza kuthibitisha kwamba unafikia kiwango cha kidonge cha kawaida cha sonona. Ujerumani, mwaka 2023, watu 160 waliokuwa tayari kwenye dawa hawakupata zaidi ya wale wa mashine hewa. Mwaka 2024 utafiti wa watu 174 wa Uingereza na Marekani waliojitibu nyumbani ulileta nafuu kamili kwa asilimia 45 dhidi ya 22 wa kifaa hewa. Mwaka huohuo wengine wa nyumbani, 210 wa Brazili, hawakuonyesha tofauti.

Kifaa cha namna hii ni rahisi kutengeneza. Vijana wa Ulaya na Marekani walianza zamani kujiundia kwa betri ya volti tisa, wakitaka kuongeza akili za mitihani, mpaka mwaka 2016 watafiti 39 wakatia saini barua ya wazi kuwaonya kwamba hakuna ajuaye kinachotokea mtu akijiwekea umeme kila siku kwa miezi. Mzazi wa mtoto mwenye usonji, au mwanafunzi anayeogopa kidato cha nne, atakuwa mteja rahisi kuliko wote.

TMDA kwa Tanzania ina mamlaka juu ya vifaa tiba, na majirani wanazo mamlaka zao. Hawahitaji sheria ya miaka mitano bungeni ili kudai maandishi ya Kiswahili kwenye boksi na kwenye ukuta wa kliniki: kifaa hiki kimepimwa kwa ugonjwa gani, kwa watu wangapi, wangapi kati yao walipona kwa cha kweli, wangapi kwa cha hewa. Kama mtengenezaji hana namba ya mwisho, nafasi yake iachwe wazi ili mnunuzi aione.